Mkono wa Kijani

Juzi msusi wangu pale sokoni Yeoville, hapa Joburg, alifungua chupa ya mafuta ya nyonyo, akanipaka kichwa kizima, kisha akanikalisha chini ya kikausha nywele. Mafuta yalipopata joto harufu ikapanda, tamu kidogo, nzito kidogo, ya kitu kinachotaka kuungua lakini bado. Nikaanza kulia. Msusi, dada mmoja wa Lubumbashi mwenye maneno mengi, akadhani ameniunguza.

"Eish, pole mama, nipunguze moto?"

Nikamwambia hapana, aache hivyo hivyo. Ningemwelezaje? Kwangu harufu ile si ya nywele. Ni ya mzee mmoja wa Kiitaliano aliyemaliza ujana wake ndani ya magari ya mashindano, na pia ni ya jambo nililomfanyia dada yangu nilipokuwa na miaka tisa. Likinijia ghafla, hata nikiwa kwenye foleni ya benki, bado najikunja kwa aibu.

Tulikaa Bellevue, katika nyumba ya zamani iliyogawanywa vyumba. Mama na mimi tulikuwa na chumba cha nyuma chenye sinki, na cherehani ya Mama ilichukua robo ya chumba hicho. Chumba cha mbele, chenye kibaraza, kilikuwa cha mwenye nyumba. Zamani aliishi nyumba nzima na mkewe. Mke alipofariki alijiona anapotea ndani ya nyumba yake mwenyewe, akapangisha vyumba ili asikie watu wakikohoa. Alituambia tumwite Nonno, yaani babu kwa lugha ya kwao. Sisi watoto wa wapangaji tukasema Nono, na Mama akacheka hadi akashika mbavu, kwa sababu mzee mwenyewe alikuwa mifupa mitupu. "Nono gani huyu asiye na nyama!" alisema. Tulipomwelezea mzee maana ya nono kwa Kiswahili, alijipapasa tumbo lake lisilokuwepo, akasema, "Basi lete chakula."

Ndiyo, alijua Kiswahili. Alikiita Kiswahili cha gereji, maana alikiokota kwa mafundi wa Nairobi miaka aliyokuwa akienda kushindana huko, na hakuna aliyewahi kumfundisha sarufi. Mimi nilikuwa mtoto wa Joburg kabisa, Mama akiniita kwa Kiswahili mimi naitika kwa Kiingereza. Nono hakunivumilia. Nikimsemesha Kiingereza alijifanya kiziwi. Kwa hiyo, mkinisoma hapa leo, sehemu ya shukrani ni ya Mwitaliano aliyesema "mimi hapana sikia" mpaka nikabadilika.

Kila Jumapili tukitoka kanisani tulimkuta uani na injini ndogo aliyoifunga juu ya kigoda cha chuma. Aliiwasha kwa dakika kumi hivi, bila kuipeleka popote, ili isife. Aliitilia mafuta ya nyonyo. Alisema magari ya mashindano ya zamani yalitumia hayo, na kwamba akikosa harufu ile wiki nzima hupata mafua. Nywele zake nyeupe alizichana kwenda nyuma, ziking'aa, na mimi kwa akili zangu niliamini kwamba anamimina nusu kwenye injini na nusu kichwani.

Sasa niseme kuhusu dada yangu. Mama alipokimbia Bukavu nilikuwa mgongoni, sijafikisha mwaka. Baba hakuwepo tena duniani. Neema alikuwa na miaka mitano, anaumwa surua, mwili wote moto, na hakuna aliyekubali kumpakia kwenye gari. Koko, kama tulivyomwita bibi yetu, akasema mwache, nitamleta akipona. Alipopona njia ilikuwa imefungwa, kisha nauli ikakosekana, kisha karatasi, na karatasi ya ukimbizi ya Mama haikumruhusu kurudi kumchukua. Neema kwangu alikuwa sauti kwenye simu. Nilimjua kwa jinsi anavyokohoa kabla ya kusema. Mama akimaliza kuzungumza naye alikuwa anakaa kwenye cherehani na kushona kitu kilichokwisha kushonwa.

Ikafika siku Nono akaja chumbani kwetu amebeba vazi zima, suruali na shati vimeungana, la kijani iliyochujuka. Lilikuwa limejaa viraka vya kudarizi kifuani na mabegani, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umeungua hadi kiwiko. Alikuwa amealikwa na wazee wenzake kwenye uwanja ulioko kaskazini ya mji, aendeshe mzunguko mmoja, mara ya mwisho. Mama aligusa kile kitambaa, akageuza mshono ndani nje, akaniambia kwa heshima ambayo hakuwa nayo hata kwa mchungaji wetu:

"Unamuona muzee uyu? Alikuwa pilote. Pilote mukubwa."

Kwa Mama, aliyesoma Kifaransa, pilote ni mtu yeyote anayeendesha gari la mashindano. Kwa Nono pia, kwao ni pilota. Kwangu mimi, mwanafunzi wa shule ya Kiingereza, piloti alikuwa mtu mmoja tu, anayerusha ndege. Hakuna aliyenidanganya. Watu wawili walisema kweli, mimi nikasikia yangu.

Mama alilifanyia kazi vazi lile jioni nne, na Nono alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa akimtazama. Viraka vilikuwa vimeachia, kwa hiyo alivifumua kimoja kimoja na kuvishona upya, na kila kimoja kilikuwa na habari yake. Cha kwanza kilikuwa cha mashindano ya kupanda mlima kijijini kwao, ambayo alishinda kwa gari la mikate la baba yake, na mikate ikiwa bado ndani. Kingine ni cha mwaka aliokuja Afrika Kusini kwa msimu mmoja wa kiangazi, akamwona binti muuza tiketi, asirudi tena. Aliwahi kushika nafasi ya nne mahali ambapo watatu waliomtangulia wote walikuja kuwa mashuhuri. Alilisema hilo bila uchungu, huku akimpitishia Mama uzi kwenye sindano kwa vidole vinavyotetemeka, na aliupitisha mara ya kwanza tu. Waitaliano wote hupenda gari jekundu, alisema, lakini yeye tajiri wake alimpa la kijani, akalizoea hata akapaka geti la nyumba kwa rangi iliyobaki. Kiraka alichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha mbio ndefu za Afrika Mashariki, siku kadhaa za vumbi na matope, ambazo alimaliza wa pili kutoka mwisho.

"Wa pili kutoka mwisho ni mbaya," nikamwambia.

"Wengi hapana fika," alisema. "Mimi nafika."

Mkono ulioungua Mama aliukata wote. Nono alisema uliungua alipomvuta mwenzake kutoka kwenye gari lililoshika moto. Mama alienda Jeppestown kwenye duka la nguo za kazi, akarudi na kipande cha ovaroli ya mtunza bustani, kijani inayokaribiana na ile, akamtengenezea mkono mpya. Ule wa zamani aliutupia kwenye mfuko wa vitambaa chakavu. Ukumbukeni.

Mimi siku zote hizo nilikuwa napiga hesabu zangu. Nilisubiri Mama aende kuanua nguo, nikamsogelea mzee.

"Nono, unaweza kufika Bukavu?"

Aliliwaza swali langu kama mtu mzima mwenzake ndiye aliyeuliza. "Bukavu, hapana fika. Mbeya, ndiyo. Tunduma, ndiyo. Lusaka, mara mingi."

"Ukitaka kwenda, siku ngapi?"

"Breki ikiwa mzuri, siku ine."

Ndege yenye breki ilinishangaza, lakini sikutaka kuonekana mshamba. "Na nafasi ya kumbeba mtu iko?"

"Kiti iko mbili."

"Na Jumamosi utapanda?"

"Jumamosi napanda, ndiyo," alisema, na uso wake ukafurahi. "Mara ya mwisho."

Ingekuwa ninyi mngetaka nini zaidi? Mama mwenyewe alikuwa akisema tangu Jumatatu, Jumamosi tunaenda uwanjani. Uwanja, piloti, kupanda. Siku ya Jumatano nilichukua simu ya Mama iliyokuwa kwenye chaji, nikamrekodia dada yangu kwa Kiswahili changu cha mitaani: "Dada, funga vitu zako. Iko pilot hapa kwetu. Jumamosi anapanda, anakuja kukuchukua. Usimwambie Mama, ni sapraizi." Nikamtumia sauti hiyo, kisha nikaifuta kwenye simu Mama asiione. Nilijiona mjanja sana.

Jumamosi tulipelekwa na gari la wale wazee. Niliona majukwaa, watu wenye kofia, watoto wa Kizungu wakila aiskrimu. Niliona lami pana iliyojikunja na kurudi ilikotoka, na hapo moyo wangu ukaanza kusitasita. Walisukuma kigari kirefu cha kijani, kifupi kwenda juu, kikinifika kiunoni. Nilikizunguka nikitafuta mabawa. Kilikuwa na kiti kimoja. Nono alijipenyeza humo na vazi lake, mkono mmoja wa rangi tofauti kidogo na mwingine, injini ikanguruma, harufu ya nyonyo ikafunika uwanja wote. Akaondoka. Nilimfuata kwa macho nikisubiri ainuke. Alifika kona ya kwanza, hakuinuka. Kona ya pili, hakuinuka. Alizunguka taratibu, akarudi palepale alipoanzia, watu wakampigia makofi wamesimama, na Mama naye akipiga makofi huku machozi yanamtoka.

Mimi nililia kwa sauti nyingine kabisa. "Ndege iko wapi?" nilipiga kelele. "Alisema anapanda! Anamchukua Neema saa ngapi?"

Mama akageuka. "Neema nani? Weye mutoto, ulimuambia dada yako nini?"

Hakusubiri nijibu. Alitoa simu kwenye mkoba. Zilikuwamo sauti tatu zilizorekodiwa, zilizoingia bila kusikika kwa kelele za injini. Aliziweka sikioni moja baada ya nyingine, kisha akanipa mimi ile ya mwisho nisikie. Dada yangu alikohoa kama kawaida yake.

"Maman, mi niko ku mulango na mufuko yangu tangu asubui. Koko anasema nisidanganyike. Ule pilote anafika saa ngapi?"

Mama alimpigia pale pale, mgongo wake umetugeukia. Sikusikia alichosema. Niliona tu kwamba alichuchumaa chini katikati ya watu wenye kofia, na hakuwa mtu wa kuchuchumaa mbele za watu.

Hakunipiga. Heri angenipiga. Neema kwa miezi mingi hakutaka kusema nami. Akipiga simu alimwomba Mama tu, na Mama akinipa simu yeye alikuwa anakata. Nilimwelewa. Alikuwa ameaga marafiki zake.

Nono alielezwa yote njiani tukirudi. Nilitegemea acheke, maana wale wazee wenzake walikuwa wanajizuia. Hakucheka. Jumapili iliyofuata hakuwasha injini. Alikuja chumbani kwetu na daftari la jalada jeusi, akaketi kwenye ndoo yake.

"Mimi nilisema iko kiti mbili," alimwambia Mama. "Nilisema siku ine. Pilota akisema, lazima mtu afike."

Akatueleza jinsi walivyokuwa wakifanya kazi kwenye zile mbio ndefu. Kabla ya siku yenyewe, dereva na mwenzake huipita njia polepole na kuiandika yote, kila kona, kila daraja, kila jiwe. Siku ya mashindano mwenzake humsomea kwa sauti, na dereva huenda kwa kuyaamini masikio, hata penye vumbi asipoona kitu. "Neema yeye pilota," akasema. "Wewe," akaninyooshea kidole kilichopinda, "wewe nasoma."

Alianza kuandika kutoka Mbeya, alikokujua. Tunduma, mpaka, usimfuate mtu anayekuita pembeni. Lusaka, lala, usisafiri na njaa. Chirundu, mlima, tumbo litapanda, kaa mbele. Kurasa na kurasa, kwa herufi kubwa zinazotetemeka, kila mahali alipowahi kuharibikiwa, kukwama au kupewa chai. Ilikuwa kazi yake yote ya maisha, sasa ameigeuza ili msichana apite kwa basi. Lakini kutoka Bukavu hadi Mbeya alikuwa mtupu. Akamsogezea Mama kalamu.

Mama hakuwahi kunisimulia njia ile, hata mara moja. Aliipokea kalamu. Kisha akaanza, Bukavu, Uvira, Bujumbura, Kigoma, akisema kwa sauti anachoandika. Alifika mahali akasimama. "Hapa njo nilikugeuza kifuani," aliniambia bila kuinua macho, "juu ulikuwa unalia na batu waliogopa tutasikika. Andika kwamba sasa hapa iko soko." Nikaandika mimi, kwa niaba yake, kwamba hapo kuna soko.

Kila Jumapili nilimsomea Neema ukurasa mmoja kwa sauti ya kurekodi kwenye simu, kwa Kiswahili, polepole. Alama mbili za bluu zilitokea, kuonyesha amesikia, jibu halikuja. Nilisoma Kigoma, kimya. Nilisoma Tabora, kimya. Niliposoma kwamba Tunduma kuna kilometa kadhaa za matope mabaya, simu ikaita dakika ileile. Kikohozi kidogo. "Muambie muzee wako, Tunduma siku izi iko lami. Mama moya wa soko alinielezea." Nilikimbia kibarazani kumwambia Nono, na yeye akafuta mstari ule kwa furaha ambayo sikuiona hata siku ya makofi. Tangu hapo dada yangu akawa wangu tena, kwa kunisahihisha.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa mfupi. Park Station, toka mlango wa mbele, usimsikilize mtu wa teksi anayekushika mkono. Kisha Yeoville, kisha mitaa yetu, kushoto, kulia, kushoto. Mwisho aliandika: Geti ya kijani. Fika. Nilimsomea Neema hayo, na yeye akayarudia mara mbili ili ayashike.

Nono alifariki majira ya baridi, kitandani, safari ya Neema ikiwa bado inasubiri pasipoti. Mpwa wake alikuja kumzika, na Mama akaomba avishwe lile vazi, na akavishwa, pamoja na mkono wake wa mtunza bustani. Nyumba ikauzwa. Mwenye nyumba mpya hakuwa mtu mbaya, alituacha na kodi ileile, ila alipenda vitu vionekane vipya. Alipaka kuta, akapaka na geti. Rangi nyeusi.

Neema aliondoka Bukavu akiwa na miaka kumi na minane, na nakala ya zile kurasa aliyoinakili kwa mkono wake akinisikiliza. Alitupigia kutoka Kigoma, kutoka Mbeya, kutoka Lusaka. Baada ya Harare simu yake ikazimika, isipatikane tena. Basi lake lilitarajiwa Alhamisi. Mama alikaa Park Station Alhamisi mchana kutwa, na Ijumaa, akirudi nyumbani miguu imevimba. Jumamosi alitoka tena alfajiri, akaniachia mimi nyumba.

Nilikuwa nafagia njia ya kuingilia nilipoinua macho nikaliona geti. Kila siku nilipita hapo, na sikuwahi kuliona. Kwa mara ya pili katika maisha yangu nilikuwa nimemwambia dada yangu jambo ambalo halipo, na safari hii hakukuwa hata na simu ya kumtafuta. Kama alikuwa katika mji huu, alikuwa anatafuta geti ya kijani ambayo mimi ndiye niliyemsomea.

Nilirudi ndani nikaumwaga mfuko wa vitambaa chakavu juu ya kitanda. Chini kabisa ulikuwepo. Nikautoa nje, nikaufunga kwenye chuma cha geti kwa mafundo matatu, ule mkono uliochujuka, umeungua hadi kiwiko. Nikakaa ndani ya geti juu ya ndoo ya Nono. Saa ya chakula ilipita. Watu walipita, wakautazama, wakaendelea.

Alasiri nilisikia kikohozi.

Alikuwa mrefu kuliko nilivyomfikiria, begi moja, viatu vimekuwa na rangi ya vumbi la nchi tano. Baadaye alituambia kwamba lazima alipishana na Mama kwenye umati wa Park Station, na kwamba barabara yetu alikuwa ameipita mara mbili tangu asubuhi, akihesabu kushoto na kulia, na mara zote mbili akaamini amepotea. Sasa alikuwa amesimama ameushika ule mkono kwa vidole vyote. Aliunusa. Kisha akanitazama kupitia vyuma, na nikajua amenijua.

"Ule pilote yako iko wapi?" aliuliza. "Alisema siku ine. Mi nimefanya tisa."

Nilimwonyesha kwa kidole ule mkono alioushika, nikamfungulia geti.